Sinema ya Somme na Watu Walioitazama

Siku ya Jumatatu, tarehe 21 Agosti 1916, majumba 34 ya sinema katika mji wa London yalifungua milango yake kuonyesha picha moja ile ile. Haikuwa hadithi ya mapenzi wala mchezo wa kuchekesha. Ilikuwa picha ya vita, tena vita vilivyokuwa vikiendelea saa ile ile ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Ufaransa, karibu na mto uitwao Somme. Mapigano hayo yalikuwa yameanza tarehe 1 Julai, na hayakukoma mpaka tarehe 18 Novemba. Basi mama aliyelipa kiingilio akaketi gizani siku ile hakwenda kutazama mambo ya kale. Alikwenda kutazama mahali ambapo mwanawe alikuwa huenda yu hai handakini, au pengine amekwisha zikwa, na barua ya tanzia iko njiani inakuja.

Msomaji, nataka ulifikirie jambo hili pole pole, maana wewe umezaliwa katika zama ambazo picha za vita humfikia mtu hata mfukoni mwake, akaziona na chakula kimo kinywani. Watu wa mwaka 1916 hawakuwa na mazoea hayo. Habari za vita walizipata katika magazeti, na magazeti yalipitia mikononi mwa wakaguzi wa serikali kabla ya kuuzwa. Walizipata katika barua za askari, nazo pia zilikaguliwa. Zaidi ya hayo walisoma orodha ndefu za majina ya waliokufa, mistari ya herufi ndogo ndogo isiyosema lolote juu ya namna mtu alivyokufa. Wakuu wa jeshi la Uingereza walikuwa wameikataa kamera katika uwanja wa vita kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima. Ndipo mwishoni mwa 1915 walipokubali wapiga picha wachache wa sinema waende Ufaransa kwa idhini. Picha za kwanza zilizoletwa zilikuwa fupi: kambi, farasi, maandamano, mizinga. Watu walizitazama, wakarudi nyumbani.

Katika siku za mwisho za Juni 1916 wapiga picha wawili, Geoffrey Malins na John McDowell, walipewa nafasi ya kushuhudia shambulio kubwa lililokuwa likitayarishwa. Malins alikaa upande wa kaskazini, karibu na kijiji cha Beaumont-Hamel. McDowell alikaa upande wa kusini, karibu na vijiji vya Fricourt na Mametz. Kamera zao zilikuwa masanduku mazito yaliyosimama juu ya miguu mitatu, na ili picha ipatikane ilimpasa mtu azungushe mkono wa kamera bila kusita, kama asagaye nafaka. Kamera ya namna hiyo haiwezi kufichwa upesi, wala haikuwa na uwezo wa kuvuta karibu kitu kilicho mbali. Tena haikunasa sauti. Kumbuka mambo haya matatu, kwa kuwa tutayahitaji baadaye.

Kitu kimoja alichopiga Malins asubuhi ya tarehe 1 Julai hakuna aliyekiona akakisahau. Askari wa kikosi cha Lancashire Fusiliers wamejibanza katika kijia kilichozama kati ya kingo mbili za udongo, wakingoja amri ya kushambulia. Wengine wanavuta sigara. Mmoja anatabasamu, mwingine anaitazama kamera kama mtu atazamaye mgeni asiyemtaka. Nusu saa baadaye wengi wao walikuwa wameanguka, maana kutoka kijiani humo walitokea mahali peupe kabisa mbele ya bunduki za bombomu za Wajerumani. Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Malins alipiga picha ya mlipuko katika kilima cha Hawthorn, ambako Waingereza walikuwa wamechimba chini ya ngome ya adui wakaweka baruti ya uzito wa tani 18 hivi. Ardhi yote inainuka, inasimama angani, kisha inaporomoka. Watazamaji walistaajabu, na ni haki yao. Walakini hawakuambiwa kwamba mlipuko huo ulitangulia shambulio kwa dakika kumi, na kwamba dakika kumi hizo ziliwatosha Wajerumani kujua kinachokuja na kushika silaha zao.

Siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu 57,470, na miongoni mwao waliokufa walikuwa 19,240. Haijapata kutokea siku nyingine mbaya kama hiyo katika historia ya jeshi hilo. Katika sinema, tarakimu hizo hazimo.

Mikanda iliyoletwa London ilipotazamwa katikati ya Julai, wenye kazi hiyo waliona kwamba haifai kukatwakatwa kuwa vipande vifupi vya habari. Waliiunga ikawa sinema moja ndefu ya mikanda mitano, iliyochukua saa moja na robo hivi kuitazama, wakaipa jina la The Battle of the Somme. Tarehe 10 Agosti ilionyeshwa kwanza mbele ya wageni walioalikwa katika ukumbi wa Scala, na hapo ikasomwa barua ya Lloyd George, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Vita, akiwasihi watu wahakikishe kwamba picha hiyo inamfikia kila mmoja. Na kweli iliwafikia. Yakadiriwa kwamba katika majuma sita ya kwanza tikiti zilizouzwa zilifika milioni 20, katika nchi ambayo watu wake wote hawakufika milioni 50. Mfalme George wa Tano aliletewa sinema hiyo katika ngome yake ya Windsor mwanzoni mwa Septemba, naye akaona kwamba yafaa raia waitazame.

Sasa na tuingie ndani ya jumba. Usidhani kwamba palikuwa kimya. Picha haikuwa na sauti, lakini mbele ya kiwambo aliketi mpiga piano, au kundi zima la wapiga muziki, na magazeti ya wenye biashara ya sinema yalitoa mashauri juu ya nyimbo zifaazo kila sehemu. Askari wakipita kwenda vitani, wakicheka na kupunga kofia zao, watu ukumbini walishangilia. Mizinga ikipiga, walishangilia. Kisha wakaja majeruhi: mtu amembeba mwenziwe mgongoni katika handaki, na maandishi yakaeleza kwamba huyo aliyebebwa alikufa baada ya nusu saa. Wakaja maiti wa Kijerumani, kisha maiti wa Kiingereza. Akaja mbwa aliyependwa na kikosi cha Manchester, amelala amekufa kando ya bwana wake. Hapo ndipo makelele yalipokatika. Na askari walipoonekana wakipanda kutoka handakini, mmoja akateleza na kurudi chini asiinuke tena, yasimuliwa kwamba mwanamke mmoja hakuweza kujizuia, akapiga ukelele gizani kwamba wamekufa.

Wengi hawakuja kutazama vita hata kidogo. Walikuja kutafuta uso. Katika picha ile wanaonekana mamia ya askari, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja hupita kwa nukta chache tu. Walikuwako waliomtambua mume au mwana au ndugu, wakarudi siku ya pili na ya tatu ili wamwone tena akipita. Fikiri, msomaji, hali ya mtu aliyemfahamu askari apitaye mbele yake akicheka, naye ameshapata habari kwamba askari huyo amekufa. Kwa kila kiingilio alichotoa, marehemu alifufuka kwa muda wa kupiga hatua sita, kisha akatoka ukingoni mwa picha.

Kati ya walioandika habari zao yumo Frances Stevenson, katibu wa Lloyd George. Ndugu yake Paul alikuwa ameuawa Ufaransa mwaka uliotangulia. Aliiona sinema mapema Agosti, kabla haijatolewa kwa watu wote, na usiku huo akaandika katika kitabu chake cha kumbukumbu kwamba mara nyingi alikuwa amejaribu kuwaza mambo yaliyompata ndugu yake, lakini sasa anajua, wala hatasahau. Akayalinganisha maono yake na yale ya Wayunani wa kale, waliokuwa wakikusanyika kwa maelfu kutazama michezo ya huzuni, ili mioyo yao isafishwe kwa huruma na hofu. Mimi naona maneno hayo ni mazito kuliko hukumu zote zilizotolewa juu ya sinema hii. Huyu hakufurahishwa, wala hakufarijiwa kwa namna ya kawaida. Alipata kitu ambacho mfiwa aliye mbali na kaburi hukikosa, nacho ni kujua.

Lakini wako waliochukizwa. Tarehe 1 Septemba gazeti la The Times lilitoa barua ya Hensley Henson, mkuu wa kanisa kuu la Durham, aliyelalamika kwamba maonyesho hayo yanajeruhi mioyo na kuuvunjia heshima msiba. Hoja yake si ya kudharauliwa. Jumba la sinema ni mahali watu wanapolipa ili wastarehe. Huenda katika programu ile ile, kabla ya maiti wa Somme, umeonyeshwa mchezo wa kuchekesha. Je, ni halali kuweka kifo cha mtoto wa mwenzio baada ya kichekesho, kisha ukatoza kiingilio? Kwetu sisi, ambao mila zetu nyingi humfunika maiti na kuwaepusha watoto wasimwone, swali la Henson si geni. Mwenye jumba mmoja wa Hammersmith alikuwa na mawazo hayo hayo, akatangaza kwa maandishi kwamba yeye haonyeshi sinema hiyo kwa sababu jumba lake ni mahali pa furaha, si chumba cha vitisho.

Majibu yalikuja upesi, na yaliyo makali zaidi yalitoka kwa wafiwa wenyewe. Mmoja aliandika katika gazeti lile lile kwamba alikuwa amepoteza jamaa wawili wa karibu, lakini hakupata kuielewa dhabihu yao mpaka alipoiona picha hii. Basi tazama jinsi mambo yalivyogeuka: aliyesema kwa niaba ya wafiwa alikanushwa na wafiwa. Mara nyingi hutokea hivyo watu wenye cheo wakijitwika kazi ya kulinda mioyo ya wengine bila kuwauliza. Hata hivyo sisemi kwamba Henson alishindwa kabisa. Wale waliotazama na kunyamaza, na wale waliokataa kwenda, hawakuandika barua. Mwanahistoria husikia sauti ya mwenye kalamu, na hana budi kukumbuka kwamba wengi hawakuwa nayo.

Palikuwa na watazamaji wengine ambao nadhani hukuwatazamia: askari wenyewe. Mwezi wa Septemba sinema hiyo ilionyeshwa nyuma ya uwanja wa vita huko huko Ufaransa, kiwambo kimesimamishwa kondeni kwenye matope, na mizinga ya kweli ikisikika si mbali. Afisa mmoja, Rowland Feilding, alimwandikia mkewe juu ya usiku wa namna hiyo. Alishangaa kwanza kwamba vijana wageni, ambao karibu watapelekwa mbele, wanaonyeshwa mambo kama hayo. Lakini alimsikia askari mmoja akimwambia mwenziwe kwamba sasa mtu anajua linalomngoja, maana ukiachiwa kuwaza mwenyewe utawaza upuuzi wa kila aina. Feilding aliona pia upungufu mmoja mkubwa: sauti haikuwamo. Mlio wa bombomu, ambao ndio uliowatia watu hofu kuliko kitu chochote, haukusikika, na mahali pake palikuwa na ukimya. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Raia wa London walikiona kitanda. Waliolala juu yake walijua mara moja ni kunguni gani waliosahauliwa.

Nimeahidi kurudi kwenye mambo matatu ya kamera, na hapa ndipo mahali pake. Ile sehemu iliyowaliza watu kuliko zote, ya askari kupanda kutoka handakini na mmoja kurudi chini akiteleza, wataalamu walioichunguza wanakubaliana kwamba haikupigwa vitani. Ilipigwa nyuma, mahali pa mazoezi, na wale walioanguka waliinuka baadaye wakaenda kula. Dalili zake zipo ukizitafuta. Wanaume wale hawana mizigo mgongoni, ilhali askari wa tarehe 1 Julai walikwenda na mizigo mizito. Handaki ni la kina kidogo. Na jambo kubwa zaidi, jiulize mpiga picha amesimama wapi. Kamera isiyoweza kufichwa upesi, wala kuvuta karibu kilicho mbali, imekaa mahali ambapo risasi zingempata mwenye nayo kabla hajamaliza kuzungusha mkono mara kumi. Picha za kweli za shambulio zimo katika sinema hiyo, lakini zinaonyesha vijidoa vyeusi vikisogea mbali sana kwenye mtelemko, na mtu asiyeambiwa hajui kwamba vijidoa hivyo ni watu wanaokufa.

Mwandishi H. Rider Haggard, ambaye huenda umesoma kitabu chake kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, alikwenda kutazama sinema hiyo mwishoni mwa Septemba. Haggard alikuwa ametunga vita vingi kwa kalamu, na vichwa vingi vimekatwa katika kurasa zake bila yeye kupoteza usingizi. Lakini katika kumbukumbu zake aliandika kwamba kilichomshtua ni yule mtu aliyeteleza akarudi handakini, yaani jinsi ukali wa uhai ulivyogeuka ghafula kuwa kifo kilicholala. Bingwa wa hadithi za kubuni alitikiswa na sehemu iliyobuniwa, akidhani ndiyo kweli yenyewe.

Nikiwafundisha walimu wanafunzi chuoni huwaonyesha kipande hicho pamoja na kile cha Lancashire Fusiliers kijiani, bila kuwaambia kipi ni kipi. Kwanza hucheka, kwa sababu katika sinema za zamani watu huenda upesi upesi kama kuku. Kisha hunyamaza. Nikiuliza ni kipi kilicho cha kweli, walio wengi huchagua cha handaki, kwa kuwa kina vitendo na kinaonyesha mtu akifa, na kile kingine ni watu waliokaa tu. Wakiisha kuambiwa, hukasirika, na mmoja husema basi sinema yote ni uongo. Hapo huwazuia. Sehemu iliyoigizwa ni ndogo sana. Majeruhi ni majeruhi, maiti ni maiti, na hofu iliyo machoni pa yule askari wa kijiani hakuna aliyemfundisha. Ushahidi mmoja waweza kuwa na kweli na uongo ndani yake, kama mchele ulivyo na chuya, na kazi yetu ni kupepeta. Asiyetaka kupepeta atakula chuya, au atatupa mchele.

Machozi ya yule mwanamke, je, yalikuwa ya bure kwa kuwa yalimwagikia igizo? Sidhani. Watu 19,240 walikufa kwa namna ile ile siku ile ile, na kamera haikuweza kuwakaribia. Aliyelia aliwalilia hao. Lakini waliotengeneza sinema hawakumwambia, na hilo ni deni lao.

Tena kuna yaliyoachwa. Mtazamaji aliona mateka wa Kijerumani wakipewa sigara na maji, na hata mmoja akisukumwa kwa hasira na askari wa Kiingereza. Hakuona vikosi vilivyoteketea kaskazini mwa uwanja, ambako shambulio lilishindwa karibu kila mahali. Sehemu ya kusini, alikokuwa McDowell, ndiko Waingereza walikofanikiwa, basi sinema ikaonekana kana kwamba ni habari ya ushindi uliopatikana kwa gharama. Ndiyo maana machozi hayakuwafanya watu waseme vita vikome. Kwa kadiri tuonavyo katika barua na magazeti ya wakati huo, wengi walitoka majumbani wakisema kwamba wakiwa wanaume wao wanavumilia mambo hayo, basi nao nyumbani hawana budi kuvumilia mpaka mwisho. Serikali ilikuwa na hofu ya kuonyesha kifo. Ikagundua kwamba kifo kikionyeshwa kwa kipimo huweza kuwafunga watu pamoja badala ya kuwavunja moyo. Hilo ni jambo la kutisha kidogo, na walijifunza wengi. Januari 1917 Wajerumani walitoa sinema yao juu ya mashujaa wao wa Somme, na sehemu kubwa ya vitendo vyake iliigizwa.

Katika majuma yale yale ambayo London ilikuwa ikilia gizani, vita hivyo hivyo vilikuwa vikiendelea katika nchi zetu. Tarehe 4 Septemba 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam. Nyuma ya majeshi hayo walikuja wapagazi, watu waliotwaliwa vijijini Kenya, Uganda, Nyasa na kwingineko, wamebeba vyakula na risasi vichwani, wakifa kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Yakadiriwa kwamba waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika kazi hiyo ni zaidi ya 90,000. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimechukua jina la kikosi chao, na mmoja wao amesimama kati ya sanamu tatu za shaba barabarani Kenyatta, Nairobi, ambako watu hupita kwa haraka wakienda kazini. Hakuna sinema iliyowafikisha mbele ya macho ya watu milioni 20. Hakuna mama wa Machakos au Kisumu aliyelipa kiingilio ili amwone mwanawe akipita hatua sita. Wengi hawakupata hata ule mstari wa herufi ndogo gazetini.

Nalisema hili kwa sababu nyingine pia. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda idara ya sinema kwa ajili ya makoloni, na magari yenye kiwambo yakazunguka vijijini Afrika kuonyesha picha za vita na za maendeleo. Msimamizi wake, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kuielewa sinema kama Mzungu aielewavyo, basi yapasa atengenezewe picha za pole pole na nyepesi, asije akachanganya picha na kitu chenyewe. Ingefaa mtu amkumbushe Sellers juu ya majumba 34 ya London, ambamo wajuzi wa mjini, pamoja na mtunzi mashuhuri wa hadithi, waliliona igizo wakalichukua kuwa kifo. Kuchanganya picha na kitu chenyewe si upungufu wa kabila fulani. Humpata kila mwenye mtu wake aliye mbali.

Moto ule haukuwaka tena kwa nguvu zile zile. Januari 1917 ilitolewa sinema ya pili, ya mapigano ya mto Ancre, iliyoonyesha vifaru kwa mara ya kwanza, nayo ilivuta watu wengi. Ya tatu, juu ya mapigano ya Arras, ilipotoka katikati ya mwaka huo viti vingi vilibaki vitupu, na wakuu wakarudia vipande vifupi vya habari. Watu walikuwa wamekwisha kuona. Au pengine walikuwa wamechoka kutafuta nyuso, kwa kuwa kufikia hapo nyuso nyingi walizozitafuta zilikuwa zimekwisha patikana katika orodha nyingine.

Mkanda wenyewe ulitiwa katika hifadhi ya Imperial War Museum mwaka 1920, na mwaka 2005 UNESCO iliuandika katika orodha yake ya kumbukumbu za ulimwengu. Wachunguzi wangali wanautazama pole pole, picha moja moja, wakilinganisha vilima, alama za kofia na maumbo ya mahandaki ili wajue ni wapi na ni kikosi kipi. Wamewatumia hata watu wajuao kusoma midomo, ili wapate kusikia askari wale walisema nini mbele ya kamera isiyo na sikio. Baadhi yao wametambuliwa kwa majina. Yule aliyembeba mwenziwe mgongoni amepewa majina mengi na jamaa mbalimbali, kila jamaa ikisema ni wa kwake, na mpaka sasa hakuna aliyeweza kulimaliza shauri hilo.